Dawa na Mbolea za Shambani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kemikali za kilimo ni zipi hasa?

Ni bidhaa zinazotumika shambani kulisha mmea, kurekebisha udongo, au kukinga mazao na wadudu, magonjwa na magugu. Upande wa lishe kuna mbolea za kupandia na za kukuzia, mbolea za majani na chokaa ya kilimo. Upande wa kinga kuna viuatilifu, ambavyo wengi huviita dawa tu: za wadudu, za utitiri, za ukungu, za magugu, za minyoo fundo na za panya. Kuna pia vidhibiti ukuaji, na vinatishi vinavyosaidia dawa kutandaa na kushika kwenye jani.

Kundi moja halishiki nafasi ya jingine. Dawa ya ukungu haiui kiwavi. Dawa nyingi za wadudu haziui utitiri, kwa kuwa utitiri ni jamii ya buibui, si mdudu. Tena baadhi ya dawa za wadudu huongeza utitiri, kwa sababu huua wale wanaoula na kuuacha wenyewe ukizaliana.

Majani yameharibika. Ninunue dawa gani?

Usinunue kitu bado. Pesa nyingi za dawa hupotea hapa, kabla hata bomba halijajazwa. Ingia shambani asubuhi, geuza majani ya mimea ishirini hivi sehemu mbalimbali, uangalie chini yake.

Matundu pamoja na kinyesi cha chengachenga ni kazi ya kiwavi. Majani yaliyojikunja, yenye utelezi wa sukari na masizi meusi juu yake, tafuta vidukari au inzi weupe. Vidoadoa vya njano juu ya jani na utando mwembamba chini yake ni utitiri. Kwenye nyanya na viazi, baka lenye duara ndani ya duara linaloanzia majani ya chini ni bakajani wahi. Baka kubwa lenye majimaji, ambalo asubuhi ya unyevu ukigeuza jani unaona ukungu mweupe pembezoni mwake, ni bakajani chelewa. Hilo halisubiri wiki ijayo. Likipata hali ya ubaridi na unyevu linaweza kumaliza shamba ndani ya siku chache.

Nyanya ikinyauka ingali kijani, kata kipande cha shina karibu na ardhi, urefu wa sentimita 5 hadi 10. Kishike wima, ncha iliyokatwa iguse maji safi ndani ya glasi, usitikise. Kama ni mnyauko bakteria, baada ya dakika chache utaona uzi mweupe mwembamba ukishuka kutoka kwenye mkato. Hakuna dawa ya kunyunyizia inayouponya. Ng'oa mmea pamoja na udongo wa mizizi, utoe shambani, na usirudishe nyanya, viazi, pilipili wala bilinganya pale msimu unaofuata.

Magonjwa ya virusi nayo hayana dawa. Kinachowezekana ni kumpunguza mdudu anayeyaeneza na kuondoa mimea iliyougua mapema.

Mizizi yenye nundu ni dalili ya minyoo fundo. Ila kwenye maharage na jamii yake, usizichanganye na vinundu vya bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani: hivyo hubanduka kwa kidole, na ukivipasua ndani ni vya rangi ya waridi. Nundu za minyoo ni uvimbe wa mzizi wenyewe, hazibanduki.

Na wakati mwingine tatizo ni njaa tu. Mahindi ambayo majani yake ya chini yanakuwa njano kuanzia nchani kuelekea katikati yanakosa naitrojeni. Yakiwa machanga na yana rangi ya zambarau, mara nyingi fosforasi haipatikani. Hakuna kiuatilifu kitakachoyasaidia.

Dawa ya mguso na dawa ya mfumo zinatofautianaje?

Dawa ya mguso hukaa pale ilipodondokea. Mdudu lazima aguswe au ale sehemu iliyolowa, kwa hiyo usiponyunyizia chini ya majani umewaachia wadudu nyumba yao. Dawa ya mfumo hunyonywa na mmea na kusafiri ndani yake, hivyo huwafikia wadudu wafyonzao. Kuna za katikati, zinazopenya kutoka upande mmoja wa jani hadi wa pili bila kusafiri mbali. Hizi ndizo zinazofaa kwa wadudu wanaochimba ndani ya jani, kama Tuta absoluta wa nyanya, maarufu kwa jina la kantangaze.

Kwa ukungu, swali kubwa zaidi ni kama dawa ni ya kinga au ya tiba. Mancozeb na dawa za shaba ni za kinga: huzuia mbegu za ukungu kuota juu ya jani, lakini hazifuati ukungu ulioingia ndani. Ukizipiga baada ya baka kuenea, utaona kama hazifanyi kazi, kumbe umechelewa.

Herufi kama EC, WP na SC kwenye lebo zina maana gani?

Zinaeleza dawa imeundwaje. EC ni kimiminika chenye mafuta, kikiingia kwenye maji huwa cheupe. Ni rahisi kupima, lakini hupenya ngozi kwa urahisi na huweza kuunguza majani kwenye jua kali. WP ni unga wa kuchanganya na maji. Huzama chini usipokorogwa, na vumbi lake ni hatari kwa anayepima. WG ni chengachenga zinazosambaratika kwenye maji, hazina vumbi jingi. SC ni kimiminika kizito chenye chembe ndogo, chupa lazima itikiswe vizuri kabla ya kupima. SL huyeyuka kabisa. GR ni punje za kuweka kavu, haziingii kwenye bomba.

Namba iliyo mbele ya herufi ni kiasi cha kiambato amilifu, yaani kitu chenyewe kinachofanya kazi. Dawa iliyoandikwa 50 EC kwa kawaida ina gramu 50 kwa lita, na 80 WP ina asilimia 80 kwa uzito. Ndiyo maana dawa mbili zenye kiambato kimoja zinaweza kuwa na vipimo tofauti kabisa.

Rangi iliyo chini ya lebo?

Ni kiwango cha sumu. Nyekundu ni hatari kubwa, njano inafuata, kisha bluu, na kijani ni ya chini kabisa. Mpangilio huu hufuata madaraja ya Shirika la Afya Duniani. Rangi haisemi dawa ni kali kiasi gani kwa mdudu. Inasema ni hatari kiasi gani kwako. Kijani si ruhusa ya kushika kwa mikono mitupu.

Niweke mililita ngapi kwa bomba moja?

Hakuna jibu moja, na anayekupa jibu moja bila kuuliza unavyonyunyizia amekisia. Kipimo kinategemea mwendo wako, nozeli yako na ukubwa wa mimea. Pima hivi:

1. Weka maji matupu kwenye bomba hadi alama unayoiona vizuri.
2. Pima eneo la mita 10 kwa mita 10 ndani ya shamba lenyewe.
3. Nyunyizia eneo hilo kwa mwendo na msukumo wako wa kawaida.
4. Rudisha maji hadi alama ileile ukitumia jagi lenye vipimo. Kiasi ulichoongeza ndicho ulichotumia.

Tuseme umetumia lita 4. Hiyo ni lita 400 kwa hekta, au takriban lita 160 kwa ekari. Kwa bomba la lita 16, ni mabomba 10 kwa ekari. Lebo ikisema lita 1 kwa hekta, ekari inahitaji mililita 400, basi kila bomba lina mililita 40. Jirani anayetembea haraka akatumia lita 2 kwenye eneo lilelile atamaliza ekari kwa mabomba 5, naye anahitaji mililita 80 kwa bomba. Akichukua kipimo chako, atapiga nusu ya dawa na kulalamika kwamba ni feki.

Baadhi ya lebo hutoa kipimo kwa kila lita ya maji. Hapo zidisha tu kwa ujazo wa bomba, kisha hakikisha maji yanatosha kulowesha mimea yote.

Acha kupima kwa vifuniko. Kifuniko cha chupa moja hakilingani na cha nyingine. Tumia kikombe chenye alama au sindano kubwa isiyo na ncha, iliyotengwa kwa kazi hiyo tu.

Nozeli ina umuhimu gani?

Mkubwa kuliko inavyodhaniwa. Nozeli ya feni hutoa utepe bapa, inafaa kwa dawa za magugu. Nozeli ya koni hutoa matone madogo yanayozunguka na kuingia katikati ya majani, inafaa kwa wadudu na ukungu. Kila mwanzo wa msimu kinga maji ya nozeli kwa dakika moja ulinganishe na nozeli mpya ya aina hiyo. Ikizidi kwa zaidi ya asilimia 10, imechakaa, badilisha. Ikiziba, isafishe kwa mswaki na maji. Usiipulize kwa mdomo wala usiichokonoe kwa waya, kwa kuwa waya hupanua tundu.

Maji ya aina gani yanafaa?

Safi. Glyphosate na paraquat, ambazo ni dawa za magugu, hujishika kwenye chembe za udongo, hivyo ukitumia maji ya tope dawa inakufa ndani ya bomba. Maji magumu yenye kalisiamu na magnesiamu nayo hudhoofisha glyphosate. Wataalamu huweka salfeti ya amonia kwenye maji kwanza, kabla ya dawa. Dawa nyingi za jamii ya ogano-fosfeti (dawa za wadudu kama profenofos na dimethoate) huvunjika haraka kwenye maji yenye pH, yaani kipimo cha uchachu, inayozidi 8, kwa hiyo usichanganye jioni ili upige kesho. Dawa za shaba ni tofauti: usizitilie asidi, shaba itaachiliwa kwa wingi na kuunguza majani.

Naweza kuchanganya dawa mbili kwenye bomba moja?

Unaweza, kama lebo zote mbili hazikatazi. Anza na maji nusu ya bomba. Tia unga na chengachenga kwanza (WP, WG), ukiwa umeukoroga unga pembeni na maji kidogo hadi uwe uji usio na mabonge. Kisha SC, halafu EC, kisha SL, na kinatishi mwisho. Koroga kila hatua, ndipo ujaze maji. Ukianza na EC, mafuta huuvika unga na kuugandisha, na utatumia asubuhi nzima kuzibua chujio.

Kabla ya kuchanganya bomba zima, jaribu kwenye chupa ya kioo ya lita 1 kwa uwiano uleule. Tikisa, subiri nusu saa. Ukiona mabonge, uji mzito, tabaka lisilorudi kuchanganyika, au chupa ikipata joto, usiendelee. Mchanganyiko kutulia vizuri hakumaanishi ni salama kwa mmea. Jaribu kwenye mimea michache.

Kuna michanganyiko tunayoikataa moja kwa moja. Salfa na mafuta ya kunyunyizia huunguza mazao hata yakipigwa kwa nyakati tofauti zilizo karibu. Acha angalau wiki mbili. Nicosulfuron, dawa ya magugu, ikipigwa kwenye mahindi pamoja na ogano-fosfeti huweza kuumiza mahindi yenyewe. Na busta, yaani mbolea ya majani, usiitumbukize ndani ya dawa ya magugu kwa ajili ya kuokoa muda.

Nimepiga dawa na wadudu hawafi. Kwa nini?

Kabla ya kulaumu dawa, pitia haya: je, ulimlenga mdudu sahihi? Kipimo kilikuwa sawa? Mvua ilinyesha kabla dawa haijakauka? Mdudu alikuwa mkubwa au amejificha? Kiwavijeshi vamizi aliyekwisha kuingia ndani ya moyo wa mmea wa mahindi, akajiziba kwa kinyesi chake, hafikiwi na dawa inayopigwa juujuu. Mpige akiwa mdogo, chini ya sentimita 1 hivi, jioni, ukielekeza nozeli ndani ya moyo wa mmea.

Ukiwa umefanya hayo yote sawasawa na bado hawafi, huenda ni usugu. Na hapa wakulima wengi hudanganyika bila kujua: wanabadilisha jina la dawa lakini kiambato ni cha familia ileile. Lambda-cyhalothrin, cypermethrin na deltamethrin ni majina matatu, ila zote ni za kundi 3A na zinampiga mdudu mahali pamoja. Kuzibadilisha zenyewe kwa zenyewe si kubadilisha dawa.

Angalia kwenye lebo namba ya kundi, inayoonyesha jinsi dawa inavyompiga mdudu. Isipokuwepo, soma jina la kiambato. Profenofos na dimethoate ni 1B. Imidacloprid na acetamiprid ni 4A. Abamectin na emamectin benzoate ni 6. Chlorantraniliprole ni 28. Utaratibu mzuri ni kutumia kundi moja ndani ya kizazi kimoja cha mdudu, takriban mwezi mmoja, kisha kizazi kinachofuata kipigwe kwa kundi jingine. Kuongeza kipimo si suluhisho: unaua wanyonge wote na kuwaachia sugu shamba zima.

Kwa ukungu kanuni ni hiyohiyo. Metalaxyl huzoeleka upesi, ndiyo sababu mara nyingi huuzwa ikiwa imechanganywa na mancozeb, ambayo hushambulia ukungu sehemu nyingi kwa pamoja.

Dawa ya magugu imeunguza mazao yangu. Nilikosea wapi?

Mara nyingi kosa ni moja kati ya matatu: dawa haikuwa ya zao hilo, upepo uliibeba kutoka jirani, au bomba lilikuwa na mabaki.

Glyphosate huua karibu kila mmea wa kijani unaoguswa. 2,4-D huua magugu ya majani mapana na kuacha jamii ya nyasi, kwa hiyo hutumika kwenye mahindi na ngano. Lakini nyanya, pamba na zabibu huumizwa na kiasi kidogo mno: majani huwa membamba yenye kujisokota, na shina hupinda. Kusuuza bomba kwa maji mara moja hakutoshi. Kuwa na bomba la magugu peke yake, liandike kwa rangi, lisiguse dawa nyingine.

Dawa zinazopigwa kabla magugu hayajaota, kama S-metolachlor na pendimethalin, zinahitaji udongo wenye unyevu na usio na mabonge makubwa. Kwenye udongo mkavu hukaa juu bila kazi. Zinazopigwa baada ya kuota zinataka magugu madogo, ya majani mawili hadi manne. Gugu lililofika magotini utaliumiza tu, kisha lichipue. Kwa magugu ya kudumu, ukishapiga glyphosate usilime mapema. Iache wiki moja hivi ishuke hadi mizizini.

Angalia pia msimu ujao. Atrazine ya mahindi inaweza kubaki ardhini na kudumaza maharage au mboga zinazofuata.

Mchanganyiko wa Bordeaux hutengenezwaje?

Ulielezwa na Millardet huko Ufaransa mwaka 1885 kwa ajili ya mizabibu, na bado unafaa kama kinga ya ukungu. Kwa lita 10: gramu 100 za salfeti ya shaba (mrututu) na gramu 100 za chokaa iliyozimwa, mpya na kavu. Tumia vyombo vya plastiki, shaba hula chuma. Yeyusha mrututu kwenye lita 5, koroga chokaa kwenye lita 5 nyingine, kisha mimina mrututu polepole ndani ya chokaa huku ukikoroga. Chuja.

Tumbukiza msumari safi kwa dakika chache. Ukitoka na wekundu, kuna shaba huru itakayounguza majani: ongeza chokaa kidogo ujaribu tena. Tumia siku hiyohiyo.

Namba za kwenye mfuko wa mbolea zinasomwaje?

Kwa mfuatano ni asilimia ya naitrojeni, fosforasi (kwa kipimo cha P2O5) na potasiamu (kwa kipimo cha K2O). DAP, mbolea ya kupandia, ni 18-46-0. Urea ni 46-0-0, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. CAN, mbolea ya kukuzia, ina asilimia 26 au 27 ya naitrojeni, sawa na kilo 13 hivi kwa mfuko. Linganisha bei kwa kilo ya kirutubisho, si kwa mfuko.

Urea ikiachwa juu ya udongo wenye unyevu na joto hupotea hewani ikiwa amonia. Ifukie angalau sentimita 5, kando kidogo ya shina. DAP au urea zikigusana na mbegu huunguza kichipukizi.

Kwenye udongo wenye pH chini ya 5.5, mmea unaweza kuwa umezungukwa na mbolea na bado una njaa, kwa sababu aluminiamu hudumaza mizizi na fosforasi hufungwa. Hapo chokaa huja kwanza, kwa kiasi kitakachoonyeshwa na kipimo cha udongo, wiki kadhaa kabla ya kupanda. Usiichanganye na urea wala salfeti ya amonia.

Nipige dawa saa ngapi?

Asubuhi umande ukikauka, au jioni, kukiwa na upepo mwanana unaotikisa majani tu. Alfajiri tulivu kabisa si salama kama inavyoonekana: matone madogo huelea na kusafiri mbali. Mazao yakiwa na maua, piga jioni nyuki wakisharudi, au ahirisha.

Nivune baada ya siku ngapi?

Zilizoandikwa kwenye lebo kwa zao hilo, ukihesabu tangu upigaji wa mwisho. Inaweza kuwa siku 1, inaweza kuwa zaidi ya 21. Kuosha hakuondoi dawa ya mfumo, kwa kuwa imo ndani. Kwa mboga zinazochumwa kila baada ya siku chache, chagua tangu mwanzo dawa yenye muda mfupi wa kusubiri. Anayekula hana namna ya kujua ulichopiga juzi, amekuamini.

Nijikingeje, na mtu akidhurika tufanyeje?

Wakati wa hatari kubwa ni wa kupima, dawa ikiwa haijachanganywa. Vaa glavu za mpira wa naitraili, miwani, aproni, mikono mirefu, na suruali juu ya buti. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Inatakiwa yenye kichujio. Glavu za ngozi au pamba hunyonya dawa na kuishikilia mkononi. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Mate na machozi mengi, jasho, mboni kusinyaa, kifua kubana: hizo ni dalili za sumu ya ogano-fosfeti au kabamati, jamii nyingine ya dawa za wadudu. Mtoe eneo lile, mvue nguo, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, macho kwa dakika 15, mpeleke hospitali pamoja na lebo ya dawa. Maziwa si dawa ya sumu, wala usimtapishe isipokuwa lebo au daktari ameelekeza. Paraquat ikimezwa, hata funda moja linaweza kuua, na haina kiuasumu. Usihamishie dawa kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji.

Je, dawa za kibayolojia zinafanya kazi?

Ndiyo, zikitumiwa kwa tabia yake. Bt, dawa itokanayo na bakteria Bacillus thuringiensis, huua viwavi wadogo walioila, na jua huivunja, kwa hiyo ipige jioni. Kiwavi huacha kula kwanza na kufa baadaye. Usirudie kupiga kesho yake kwa kuwa bado unamwona. Mwarobaini huvuruga ukuaji wa wadudu, si wa kuua papo hapo.

Chupa tupu na dawa iliyobaki nifanyie nini?

Chupa ikiisha, iinamishe juu ya bomba ichuruzike kwa nusu dakika. Tia maji robo, funga, tikisa sekunde 30, mimina ndani ya bomba; fanya mara tatu. Toboa chini isitumike tena na uipeleke kwenye mkusanyiko rasmi ulipo. Usichome, usitupe mtoni.

Dawa ikibaki kwenye bomba, izimue kwa maji mara kumi hivi, kisha inyunyizie kwenye zao lilelile, sehemu ambazo hazikupata ya kutosha. Maji ya kuoshea bomba yafuate njia hiyohiyo, mbali na kisima.